Viatu Alivyoviosha Bibi

Jumamosi iliyopita watu wa chama chetu cha mieleka waliniandalia hafla ya kuniaga bila kuniuliza kama naondoka. Keki ilikuwepo, maua yalikuwepo, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba sasa bingwa wetu atavua viatu na kuviacha katikati ya mkeka, kama ilivyo desturi ya wanamieleka wanapostaafu. Watu wakasimama, simu juu. Nikatembea hadi katikati, nikainama, nikazikaza kamba, nikatoka na viatu vyangu miguuni. Nasikia wanasema nimewaaibisha. Sawa, waendelee kusema. Lakini wewe tunajuana, kwa hiyo wewe nitakueleza.

Kutoka pale sikwenda nyumbani. Niliendesha hadi katikati ya mji wa Johannesburg, kwenye mtaa wa maduka ya jumla, nikaegesha karibu na ile roboti, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, iliyokuwa mbovu tangu nikiwa mtoto na bado ni mbovu. Jengo letu lipo. Mlango umezibwa kwa matofali, na madirisha ya ghorofa ya kwanza yamepigiliwa mabati. Mama mmoja aliyekuwa akiuza soksi na chaja za simu pale mlangoni akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nilikulia humu ndani. Akayatazama matofali, akanitazama mimi, akasema, "Eish, dada," akaendelea kupanga soksi zake.

Nilikulia humo kweli. Chini palikuwa na duka la mablanketi, ghorofa ya kwanza ukumbi, na kuanzia ya pili kwenda juu ni sisi: Wakongo wasusi na mafundi cherehani, Watanzania wa Dar na Tanga, na Warundi wachache ambao hawakupenda maneno mengi. Lifti ilikufa kabla hatujahamia. Asubuhi niliamshwa na honi za teksi zikitafuta abiria na mlio wa mafuta ya Bibi yakianza kuchemka. Bibi yangu, mzaa baba, alikuja kutoka Tanga kunilea mama yangu alipofariki, akidhani atakaa kidogo tu. Akakaa moja kwa moja. Alikuwa akipika vitumbua kwa tui la kopo, akilitukana lile kopo kila siku, na harufu ya iliki ilipanda ngazi mpaka juu kabisa ambako hakuna aliyekuwa na pesa za kununua hata kimoja. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuvipanga ndani ya ndoo iliyotandikwa karatasi na kuvishusha kwa wabeba mizigo wa dukani. Nilikuwa nakula kimoja njiani. Bibi alijua, alikuwa akikihesabu kabisa katika mipango yake.

Mwenye jengo alimkabidhi Bibi funguo za ukumbi kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ndiye mtu pekee humo ndani aliyeamka mapema na asiyemwogopa mtu. Jumapili ukumbi ulikuwa kanisa la Wakongo, na magitaa yao yalifanya vikombe vyetu vicheze kabatini. Alasiri za katikati ya wiki ulikuwa wa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa Mswidi. Najua unacheka, hata sisi tulicheka. Mzee wa Kizungu, mrefu kama mlango, shingo nene, anapanda ngazi zetu chafu na begi begani kama vile anaingia kwake. Alikuwa amemwoa nesi wa Soweto, akamfuata huku, mke akafariki, ndugu wakamwambia arudi. Hakurudi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kuganda kwa sababu ya mieleka, na Bibi alipoliona mara ya kwanza alisema mbele yake, kwa Kiswahili, kwamba limefanana na kitumbua kilichoshikana na chungu. Mwalimu aliponiuliza Bibi kasema nini nilimwambia anakukaribisha. Baadaye alijifunza Kiswahili kiasi, akajua ukweli, na kila alipopewa kitumbua kilichoharibika alikiinua karibu na sikio lake na kumwonyesha Bibi. Wale wazee wawili walitaniana hivyo kwa miaka.

Aliwahi kuwa bingwa wa Uswidi, akawa bingwa wa Ulaya. Hatukuyajua hayo kwa kuona medali, kwa maana hatukuwahi kuziona. Tuliyajua kwa mbavu zetu. Alikuwa akifundisha kila mshiko pamoja na pambano lake. Anakushika kiunoni, anakuinua, na ukiwa bado hewani anakwambia, "Huu ulinipa ubingwa wa Uswidi nikiwa na miaka kumi na tisa," halafu unajikuta umelala chali unaangalia taa za dari. Mwingine ulikuwa wa Helsinki, dhidi ya Mfini aliyenuka moshi wa samaki. Mwingine ulikuwa wa kule kwao kaskazini, kijiji cha wakata miti, alipomwangusha kaka yake mkubwa kwenye theluji na wasizungumze mpaka majira ya joto. Mtindo wake ulikuwa ule wa kale usioruhusu kushika miguu. "Kifua kwanza," alikuwa akituambia. "Miguu itakuja yenyewe." Sisi wasichana tulicheza mtindo huru unaoruhusu miguu, lakini kwake tulianza na kifua, ukitaka usitake.

Na humo ukumbini hapakuwa na saa. Ya kanisa ilikuwepo ukutani, na kila alipoingia aliigeuza uso ukutani kabla hata ya kusalimia. Alitueleza sababu mara moja tu, ameketi kwenye ukingo wa mkeka, akiifunga goti lake bandeji. Fainali ya dunia. Alikuwa anaongoza. Zimebaki sekunde tu, akainua macho kuitazama saa, basi. Alipoyashusha alikuwa tayari yuko hewani. Alipata medali ya fedha, na nchi nzima ikampongeza kwa ile fedha, naye akasema hakuwahi kuisamehe nchi kwa pongezi zile. Mwaka uliofuata goti likavunjika. Madaktari wakasema basi, chama kikasema basi, gazeti la kwao likaandika makala ya kumuaga. Akarudi mkekani na goti lake bovu akachukua tena ubingwa wa Uswidi. Alipotusimulia sehemu hiyo alikuwa anapiga mkeka kwa kiganja, na sisi tukapiga naye, watoto wa vitumbua na wa saluni, kama vile tulikuwepo.

Desturi ya viatu ndiyo siku hiyo hiyo alitueleza. Mwanamieleka akimaliza pambano lake la mwisho anavua viatu, anaviacha katikati ya mkeka, anaondoka pekupeku, na hapo hakuna wa kumwita tena. Yeye hakuvua. Pambano lake la mwisho kule kwao alishindwa na kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha, watu wote wakasimama kungoja viatu, akatoka navyo. Akaja navyo Johannesburg. Ndivyo alivyokuwa akivivaa pale kwetu, vya ngozi nyeusi iliyochakaa, na havikukanyaga chochote ila mkeka. Kutoka ngazini alikuja na ndala, akabadilisha ukingoni. Bibi alimpendea hilo kuliko ubingwa wote. "Huyu kalelewa," alikuwa akisema.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenifungulia njia. Baba, ambaye alikuwa mlinzi wa maofisi huko Randburg, hakutaka kusikia habari ya mtoto wa kike kukumbatiana na watu sakafuni. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, akamwambia, "Huyu mtoto anapanda ngazi na ndoo gizani katika jengo hili. Unataka ajue kupika tu?" Akanishonea suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu ya kuvaa ndani ya nguo ya mieleka. Baba hakusema ndiyo, lakini tangu hapo hakusema hapana.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu ilipokuja ile wiki mbaya. Ulikuwepo huku? Basi unajua. Maduka ya wageni yalivunjwa, spaza, vile viduka vya mtaani, za watu wetu kule Diepsloot zikabebwa mpaka rafu, na mjini watu wakaanza kuulizana majina ya vitu kwa Kizulu ili wajue wewe ni nani. Duka la mablanketi likafungwa. Baba akawa analala kazini kwa sababu njia haikuwa salama. Ukumbini siku ya kwanza tulikuja nusu, ya pili tukawa watatu, kisha nikabaki mimi peke yangu, kwa kuwa mimi nilihitaji kushuka ngazi tu. Na mashindano yangu ya kwanza, ya vijana wa mkoa mzima, yalikuwa wiki mbili mbele, huko huko Randburg. Niliyataka yale mashindano kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nakwambia kweli, nilikuwa nayaota.

Mwenye jengo akampigia Mwalimu simu. Hataki mkusanyiko wa wageni kwenye mali yake wakati kama huu, watoto au si watoto. Nilikuwa nimesimama pale. Mwalimu alisikiliza, akasema "Sharp," yaani sawa, kama vijana wa mtaani, akaweka simu mfukoni. Tukafanya mazoezi kama kawaida. Mwishoni alinipa mkono, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja, akanambia niende nikale.

Asubuhi ya pili nilishuka kufagia ukumbi na Bibi alikuwa amenitangulia. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mchungaji, beseni la maji ya sabuni miguuni pake, viatu vya Mwalimu mkononi, anavisugua kwa mswaki wa zamani. Kamba alikwishazifua, zinaning'inia dirishani.

"Umeona maajabu haya?" akasema. "Mtu mzima mwenye akili zake, anaacha viatu katikati ya jamvi ambalo watu wataomba juu yake. Na vinavyonuka sasa."

Nilianza kulia. Nikamwambia, Bibi, vile havikusahauliwa, ile ni desturi yao, akiviacha katikati maana yake amemaliza. Havitakiwi kuguswa. Mwalimu ameaga. Bibi akaacha kusugua. Mahali alipotoka yeye, viatu vikiwa juu ya jamvi ni uchafu, hakuna maana nyingine, na sasa alikuwa ameiosha buriani ya mtu kwa sabuni ya mche. Nilidhani sasa atasema masikini.

"Kamuaga nani?" akauliza. "Mimi hakuniaga. Mtu akiaga anaingia, anakaa, anakunywa chai, anasema jamani mie naondoka. Huku si kuaga, huku ni kutoroka." Akarudi kwenye kusugua, kwa nguvu zaidi. "Nimeshaviosha. Sikuviosha ili viachwe."

Vilikauka juu ya jiko la vitumbua. Mchana ule ule akajifunga kanga, akatupia ushungi, akaniita, tukatoka. Mwalimu alikaa mitaa miwili kutoka kwetu, ng'ambo ya kituo cha teksi. Siku zile hakuna mtu wa jengo letu aliyetoka na kanga. Wanawake walivaa sketi na kufumba midomo. Bibi alitembea katikati ya njia, viatu ameviweka mbele kwenye viganja viwili kama sinia la pilau, akiongea na mimi Kiswahili kwa sauti yake ya sokoni. Pale kwenye roboti walikuwa wamekaa vijana, fimbo mikononi. Mmoja akamuuliza kwa Kizulu anakwenda wapi. Bibi alikuwa akijua Kizulu cha kuuzia vitumbua, angeweza kujibu. Akamjibu kwa Kiswahili, huku akimtazama machoni, "Napeleka viatu vya watu." Mimi niliishika kanga yake. Yule kijana aliviangalia vile viatu, akamwangalia Bibi, akasema "Gogo," yaani bibi, kwa adabu, akasogeza fimbo yake tukapita. Sijui mpaka leo aliona nini.

Mwalimu alifungua mlango akiwa na soksi tu. Alipoona kilichokuwa mikononi mwa Bibi alirudi nyuma hatua moja.

"Umesahau viatu vyako," Bibi akamwambia.

"Sikusahau, Bibi."

"Umesahau."

"Ukumbi umefungwa. Mwanafunzi ni mmoja."

"Mmoja ndiye huyu, nimekuletea. Funguo ninazo mie. Huyo mwenye jengo akizitaka atapanda ngazi aje anipokonye." Akamsukumia vile viatu kifuani. "Umekataa kuvivua mbele ya wafalme wenu huko, uje kuvivua kwa ajili ya wahuni?"

Sijui kama Uswidi iliwahi kuleta mfalme wake kwenye mieleka, lakini Mwalimu hakusahihisha. Alivipokea, akavipeleka puani, akanusa sabuni. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, mzee mzima, na pale pale akaanza kupitisha kamba kwenye matundu. Bibi akamwambia asivivae barabarani vitachafuka.

Mwenye jengo hakuja. Tulifanya mazoezi mlango umefungwa kwa ndani na Bibi ameketi nje yake na jiko lake, anapika. Siku baada ya siku wengine wakarejea, kwanza mtoto wa msusi wa Kikongo, kisha wale Warundi. Siku ya Randburg tulikuwa timu.

Ukumbi wa Randburg uling'aa, na ukutani palikuwa na saa ya namba nyekundu, kubwa kama kitanda. Sikuwa nimewahi kucheza mbele ya saa. Nilishinda la kwanza na la pili kwa kifua, wenzangu wote wakivamia miguu. Fainali nikapangwa na msichana wa shule ya kulipia, mwenye mabega, na alipoitwa jina watu walipiga makofi, na nilipoitwa mimi kuna mtu nyuma akapaza lile neno wanalotuitia sisi wageni, makwerekwere, na wachache wakacheka. Mimi niliyezaliwa hospitali ya mji huu huu. Niliangalia pembeni. Baba alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, ametoroka zamu. Mwalimu alikuwa ukingoni, amevaa vile viatu vyeusi, vinang'aa kuliko sakafu ya wenyewe. Alionyesha kifua chake kwa kidole.

Nilimshika, nikamwinua, ule wa Uswidi wa miaka kumi na tisa. Nikaongoza. Akanirudia, nikamzuia, akarudi tena. Ukumbi mzima ulianza kuhesabu sekunde kwa sauti, na nilijua hakika kwamba wote wanaitazama saa, na yeye pia, kwa sababu niliona macho yake yakipanda. Ya kwangu hayakupanda. Nikamwinua mara ya pili, nikamlaza mabega yote mawili, nikang'ang'ania. Filimbi ikapigwa sikusikia, mwamuzi akanigonga mgongo sikuachia, mpaka wakaja kunibandua watu wawili. Nilipomtafuta Mwalimu alikuwa amegeuka ukutani, amejifunika uso kwa taulo. Baba ndiye aliyepiga kelele. Alirudi kazini akakaripiwa, na kila aliyemkaripia alimwonyesha picha yangu.

Mwalimu alifundisha miaka mingi baada ya hapo, na kila Ijumaa Bibi alimdai viatu akaviosha. Alipofariki, mpwa wake alikuja kutoka Uswidi na suti nzuri na viatu vyeusi vya ofisini. Vile vya mieleka alitaka kuvichukua, viwekwe ndani ya kabati la vioo katika ukumbi wa kijiji chao, pamoja na medali. Kijana mwenye heshima, hakuwa na neno baya. Bibi wakati huo alikuwa hatembei vizuri, tulimbeba na kiti. Akanambia nitafsiri. "Mwambie hivyo si vya kabati. Kwetu mtu haendi kaburini na viatu, ila kwao wanakwenda navyo. Basi mvisheni." Nikatafsiri. Mpwa akamtazama Bibi, akafungua begi akavitoa. Nilizifunga kamba kwa mikono yangu, fundo mara mbili, kama kabla ya pambano. Hakuna mkeka duniani ulioachiwa viatu vya yule mtu.

Bibi naye ameondoka, na yeye aliaga vizuri, kwa chai. Iliki naisikia siku hizi madukani tu, ndani ya pakiti. Kanisa la Wakongo limehamia wapi sijui. Wasichana ninaowafundisha Diepsloot nawasalimia Kiswahili wananijibu Kizulu, na ninapowaambia habari ya Mzungu mwenye sikio la kitumbua wanadhani natunga. Jengo wamelijengea matofali mlangoni, na kesho kutwa watalibomoa waweke jingine, na hakuna atakayejua kwamba pale juu paliwahi kugeuzwa saa ukutani. Inaniuma, siwezi kukudanganya. Nilisimama pale mbele ya yule mama wa soksi nikalia kama siku ile ya beseni.

Halafu nikarudi nyumbani nikachemsha maji. Chama wamenipigia simu tena leo, wanauliza kama naweza basi kuwapa viatu kwa ajili ya kumbukumbu, hata kimoja. Nimewaambia haiwezekani, nimeviosha. Vipo hapa dirishani, kamba pembeni, vinanuka sabuni. Jumatatu alasiri nina wasichana kumi na mmoja wanaonisubiri, na kuna mmoja mwembamba sana, baba yake hataki.